Tunaposema mtoto "ashazoea"

Najua wengi mkiona jina langu mnajitayarisha kusoma habari ya muhogo, magonjwa ya majani na bei ya mbegu. Leo hapana. Leo nataka tuongee juu ya watoto wadogo, wale wa chini ya miaka mitano, na nini kinatokea ndani yao wakati vita, njaa ao maji inawatenganisha na watu wao. Nilisoma agronomia, sikusoma saikolojia, kwa hiyo wenye kazi yao wanisahihishe. Lakini kuna neno moja ambalo tunalisema sana huku kwetu, kutoka Kavimvira mpaka Makobola, na mi mwenyewe nililisema mwaka 2025, nikajuta. Neno lenyewe ni "ashazoea".

Yaya yangu, mkubwa wetu wa kike, alikuwa anaishi Luvungi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 alizaa mtoto wa pili. Bwana yake alikuwa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, na yeye mwenyewe alikuwa bado hana nguvu. Mama yetu akasema, nileteeni ule mkubwa, nitakaa naye wiki mbili tatu. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Ni mimi niliyemleta mpaka Kalundu, ndani ya taksi, amelala kwenye magoti yangu. Tulichagua makusudi aondoke wakati amelala, ili asimlilie mama yake. Tuliona ni akili.

Tarehe 16 mwezi wa pili Bukavu ikawa mikononi mwa M23. Siku zilizofuata mnazikumbuka wenyewe: askari wanashuka kwa wingi na barabara ya bondeni, risasi ndani ya Uvira usiku na mchana, watu wanakimbilia bandari ya Kalundu kutafuta boti ya Kalemie ao ya Kigoma. Yaya yangu alivuka mto Ruzizi na kitoto mgongoni, akajikuta kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, upande wa Cibitoke, na maelfu ya watu wengine, jua lao, mvua yao. Katika mwezi ule mmoja tu watu zaidi ya 40 000 waliingia Burundi. Baadaye wengi walipelekwa Musenyi, kule Rutana, na yeye akawa kati yao. Wiki mbili tatu za mama yetu zikawa miezi mitano.

Mtoto alilia. Kila mangaribi, saa ile mama wanarudi kutoka sokoni, alikuwa anasimama mlangoni na kuuliza: "Mama eko wapi?" Tukamjibu: "Ameenda soko, atarudia na mandazi." Basi akasubiri mandazi. Alikataa kulala, alikataa bugali, alimpiga koko wake kwa mkono. Wiki ya tatu akanyamaza. Akaanza kula. Akaanza kucheza na vifuniko vya chupa karibu na ukuta, peke yake, muda mrefu. Mgeni akiingia, hata yule hajamuona siku hata moja, alienda kupanda kwenye magoti yake. Majirani wakafurahi: "Angalia, ashazoea. Batoto banasahau mbio." Na yaya alipopata namba ya Burundi na kupiga simu, mi nikamwambia: "Usijali, ashazoea, hata hakuulizi tena." Nilidhani ninamtuliza. Yeye akanyamaza kwenye simu, na mi sikuelewa kwa nini. Tena simu hiyo tulikuwa tunamficha mtoto, maana siku moja aliposikia sauti ya mama yake alilia mpaka akatapika, tukaamua asisikie tena.

Mwezi wa sita yaya akarudi, akapitia Gatumba. Alipoingia kwenye lupango alimwita kwa jina lake la nyumbani. Mtoto akamuangalia. Hakukimbia kwake. Akaenda nyuma ya koko, akashika kitenge chake, akauliza kwa sauti ya chini: "Koko, ule mama anatafuta nani?" Yaya akakaa chini, kwenye mavumbi, na mfuko wake bado mkononi.

Njo siku hiyo nilianza kutafuta. Rafiki tuliyesoma naye chuo, yeye alifanya saikolojia, aliniambia maneno mawili: "Hakusahau. Amekasirika." Halafu akanitumia kurasa za kusoma, na nikakuta kwamba kisa chetu kilishaonekana, kikapigwa hata filamu, zaidi ya miaka 70 iliyopita.

Mwaka 1952 huko London kulikuwa mtu anaitwa James Robertson. Wakati ule hospitali nyingi za Uingereza hazikuruhusu wazazi kukaa na mtoto, walikuja kumuona kwa saa chache tu. Robertson alimpiga picha mtoto wa miaka miwili na miezi mitano, jina lake Laura, aliyelazwa siku nane kwa operesheni ndogo ya kitovu. Laura hakupiga kelele. Ni mtoto aliyelelewa kujizuia. Anauliza mama yake polepole, halafu anatulia, anabana mdomo, anashika mdoli wake. Mtu akiangalia haraka anasema huyu hana shida. Lakini filamu inaonyesha siku kwa siku jinsi uso wake unavyofungwa, na siku ya kutoka anakataa kushika mkono wa mama yake. Niliposoma hapo nikafunga simu kwanza.

Robertson alikuwa anafanya kazi na daktari John Bowlby, ambaye mwaka 1951 alikuwa ameandikia Shirika la Afya Duniani, OMS, ripoti juu ya watoto waliokosa malezi ya mama. Wote wawili walieleza kwamba mtoto mdogo akitenganishwa na mtu wake, mara nyingi anapitia hatua tatu. Kwanza anapinga: analia, anatafuta, anapiga, anakataa mikono ya wengine. Pili anakata tamaa: sauti inashuka, hachezi sana, anakula ao hali, anakaa. Tatu anajitenga: anaanza kucheka tena na kila mtu, anakubali chakula kwa mkono wowote, na mama akirudi anamuangalia sawa mtu wa njiani. Ni kwenye hatua hii ya tatu sisi tunapiga makofi. Kilio cha mwanzo kilikuwa bado ni imani, mtoto analia kwa sababu anaamini kuna mtu atasikia. Kumbe sisi tulikuwa tunangoja imani hiyo iishe, halafu tunaita ile hali kupona.

Kuna hatari ya kusema kila mtoto aliyetulia ni mgonjwa. Hapana. Wengine wanatulia kwa sababu wamepata mtu mwingine wa kweli. Tofauti inaonekana kidogo kidogo: mtoto aliyepata mtu ana mtu mmoja anayemchagua, akiumia anamkimbilia huyo na siyo mwingine, akitoka anamlilia huyo. Mtoto aliyejitenga anaenda kwa wote sawasawa. Wetu alikuwa anapanda magoti ya kila mgeni, na sisi tulisema ana moyo mzuri.

Sasa najua ndugu mmoja ataandika: hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu mtoto ni wa watu wote, mimi mwenyewe nililelewa na koko na sina kasoro. Ni swali la haki na mi nililiuliza. Jibu lake nilikuta limetoka karibu na sisi, Uganda. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Kampala mwaka 1954. Akaenda kwenye vijiji vya karibu na mji, akatembelea familia 26 za Waganda, miezi na miezi, akikaa na mama hao na kuangalia watoto wao wachanga. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona watoto wanatambaa kwenda mbali, wanageuka kuangalia kama mama bado yupo, wanaendelea. Mama akiinuka wanarudi mbio. Kwa hiyo ile kamba ya rohoni haikutengenezwa London. Jambo ambalo lilinigusa zaidi ni hili: mama waliojua kuongea kwa urefu juu ya mtoto wao, nini anapenda, nini kinamuogopesha, analala namna gani, watoto wao walikuwa na utulivu zaidi. Mtu anayemjua mtoto kwa undani ndiye mtoto anamshika.

Na huyo mtu anaweza kuwa koko. Anaweza kuwa shangazi, baba, yaya wa miaka 15. Hapo wazee wetu walikuwa na haki. Kumpeleka mtoto kwa koko ni desturi ya zamani sana kwenye nchi zetu, na inafaulu mara nyingi, kwa sababu koko alishamshika mtoto toka kuzaliwa, mama anapita kila soko, jina la mama linatajwa, na kuna siku ya kurudi. Vita inaharibu hayo yote kwa mara moja. Mtoto anabaki kwa mtu ambaye hamjui vizuri, bila kuagwa, na watu wazima wenyewe wanatetemeka. Ndugu yangu uliyelelewa na koko, jaribu kumuuliza aliyekupeleka alikuagaje.

Katika agronomia tunahamisha miche kutoka pepinieri kwenda shamba, tena tunajua kabisa mche utanyauka siku za kwanza. Njo maana tunahamisha mangaribi, tunabeba udongo wa mzizi, tunamwagilia kabla na nyuma. Mche uliong'olewa saa sita na mizizi mitupu, unaweza kubaki wa kijani siku tatu na ndani umeshakufa. Nilikuwa nafundisha hivyo wakulima wa mpunga huko bondeni wiki ileile niliyombeba mtoto amelala. Sitavuta mfano huu mbali, maana mche haujiulizi nani aliung'oa.

Mtoto anajiuliza. Wa miezi sita mpaka miaka mitatu ndiye anaumia zaidi na kutengana, kwa sababu ameshamjua mtu wake lakini hana bado maneno wala saa: "wiki ijayo" kwake haina maana yoyote. Chini ya hapo kichanga anahitaji zaidi mkono wenye utulivu na maziwa, na anaweza kumpokea mwingine kama ni mmoja na anabaki. Kuanzia miaka mitatu na nusu, minne, kinaingia kitu kingine: mtoto anafikiri yeye ndiye sababu. Alivunja sahani, mama akaenda. Alizaliwa mdogo wake, wakamfukuza. Hatakuambia. Atakojoa kitandani wakati alikuwa ameshaacha, atasahau maneno aliyokuwa anayasema, atang'ang'ania kitenge chako mpaka chooni, ao atapiga wenzake. Halafu sisi tunamchapa kwa kukojoa.

Hiyo ni kutengana. Ugumu wa maisha nao una njia yake. Mwezi wa nne 2020, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mto Mulongwe na mito mingine ilifurika hapa Uvira, watu karibu 50 wakafa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Familia nyingi zilikaa miaka kwenye vibanda vya sheeting. Nilipita mara nyingi kwenye kambi za Kavimvira kwa kazi ya bustani za mboga, na nilikuwa naona watoto wa kule wana mama yao pale pale, hakuna aliyetengana. Lakini mama amekaa, anaangalia mbali, mtoto anamvuta nguo, anamuonyesha kitu, mama hamuoni. Miaka ya 1970 huko Marekani, Edward Tronick alifanya jaribio rahisi kabisa: mama anacheza na kichanga wake, halafu kwa dakika chache anaweka uso usiosonga, hacheki, hajibu. Kichanga anajaribu kila kitu, anacheka, anaonyesha kidole, anapiga kelele. Mwishoni anageuza uso na kuanguka kwenye kilio. Ni dakika chache tu hizo. Mama aliyepoteza nyumba, ambaye hajala toka jana, anaweza kuwa na uso huo miezi, bila kutaka. Njaa ya mzazi inamfikia mtoto kwa tumbo na kwa uso vilevile.

Mwili nao unashiriki. Mtu akiogopa, damu inajaa homoni inayoitwa kortisoli, moyo unakimbia, mwili unajitayarisha kukimbia ao kupigana. Kwa muda mfupi hiyo ni dawa. Kwa mtoto, kinachoizima ni mtu mzima anayemshika na kumtuliza. Kama hakuna wa kuizima, inabaki juu, na inaharibu usingizi, umakini, kumbukumbu, hata kinga ya mwili. Ndiyo yule mtoto ambaye mwalimu wa mwaka wa kwanza anasema ni mjinga, anaruka mlango ukigongwa. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliokuwa wanalea watoto London wakati wa mabomu ya vita ya pili ya dunia, waliona jambo la kushangaza: watoto waliobaki chini ya mabomu na mama mtulivu, mara nyingi walikuwa afadhali kuliko waliopelekwa mashambani kwenye usalama, bila mama. Sisemi watu wasikimbie. Nasema tukikimbia, mtu wa mtoto ahesabiwe kati ya mizigo ya kwanza, mbele ya televizyo na godoro.

Je, inapona? Ndiyo, na hapa nilipumua. Romania, utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwisho wa 1989, walikutwa watoto zaidi ya 100 000 kwenye nyumba za serikali, wengi walilishwa na kuoshwa bila mtu wa kuongea nao. Kuanzia miaka ya 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuata watoto 136 wa Bucharest. Nusu yao walipata familia kwa kupigiwa kura. Waliopata familia walipona vizuri zaidi, na waliopata kabla ya karibu miaka miwili walipona zaidi ya wote. Kwa hiyo saa ina maana. Lakini hata waliochelewa walisonga mbele kidogo.

Yaya yangu hakusubiri utafiti. Rafiki yetu alimshauri asimlazimishe mtoto, asimnyang'anye kwa koko wake. Akawa analala kwenye chumba kimoja na wote wawili. Asubuhi koko anamuogesha, mama anashika taulo. Baada ya siku kama kumi mtoto akaanza hasira: anamrushia mama yake vitu, anamuuma, anamwambia "enda kwako Burundi". Jirani akasema mtoto ameharibika, achapwe. Rafiki akacheka kwa furaha kwenye simu: "Amerudi. Mtu hamkasirikii asiyemjua." Yaya akawa anamjibu kila mara maneno yaleyale: nilienda, vita ilifunga njia, haikuwa kosa lako, nilikuwa nakufikiri kila siku, nimerudi. Mara ngapi? Mi niliacha kuhesabu.

Kama ingeanza upya, ningemwamsha. Ningemwacha alie kwenye mikono ya mama yake ndipo aingie kwenye taksi, na kitenge cha mama kisichofuliwa kwenye mfuko. Nisingesema sokoni. Na simu ningempa, alie, amsikilize mama yake akiimba hata kidogo, maana sauti iliyomfanya atapike ndiyo ilikuwa bado inamshikilia. Ningemwandikia pia jina lake, la wazazi wote wawili na la kijiji, kwenye karatasi iliyoshonwa ndani ya nguo, kwa kuwa Rugombo walikuwapo watoto wasiojua kusema zaidi ya "mama". Wenye kupoteana, Msalaba Mwekundu unafanya kazi ya kutafuta na kuunganisha familia, na haulipishi. Semeni hivyo makanisani na kwenye masoko.

Na sisi wenye diploma tunaokaa nyumbani? Mwaka mzima tunalalamika hakuna kazi, tuko kwenye lupango asubuhi mpaka mangaribi na simu mkononi, na chini ya miguu yetu kuna mtoto wa mtu anacheza na vifuniko. Nilikuwa pale miezi mitano. Nilikuwa na muda kuliko mama yangu, ambaye anauza ndagala toka saa kumi na moja. Hakuna aliyenizuia kuwa ule mtu mmoja.

Siku hizi yaya amekuja kukaa Kalundu na anauza mafuta ya mawese. Kila asubuhi anamwambia mtoto ukweli: naenda soko la Mulongwe, nitarudi jua likiwa kwenye ule mwembe. Mtoto analia kidogo kila siku, analia vizuri, halafu anachukua kitenge cha mama na kukiweka kwenye kiti chake. Jana jua lilipita mwembe na yaya alikuwa bado hajafika, gari la mzigo lilikwama Kakombe. Mtoto akaja kwangu na vifuniko vyake mkononi, akaniuliza kama vita imefunga njia. Nikamjibu hapana, ni gari. Akaniomba twende barabarani tuangalie pamoja, na tukaenda.